Mzigo Mmoja, Kasumulu

Jumanne, saa moja na robo, ukungu bado umelala juu ya mto Songwe,
akavuka daraja mwanamke wa kanga mbili,
kwapani kakumbatia kitu nilichodhani ni mtoto:
gunia la mbolea, kamba ya mgomba kiunoni.

"Nini hicho, mama?"
"Mama."

Akafungua.
Chipukizi la mgomba, refu kama mkono wangu,
udongo mweusi wa Kaporo ungali kwenye mizizi.
"Tumemzika Jumamosi. Huu ulisimama mlangoni pake.
Nikaupande Ikuti, niwe ninakula naye."

Mimi ni Atupele, mkaguzi wa afya ya mimea.
Nina muhuri, nina lenzi iliyochubuka,
kalamu mbili za serikali, moja haiandiki.
Nikaliinua jani kwenye mwanga.

Kando ya uti wake, vistari vya kijani kilichoiva:
kirefu, kifupi, kirefu, nukta, nukta,
kama telegramu za posta ya zamani.
Shinani, ndani ya ganda,
vidukari weusi wamejipanga wananyonya.
Hakuna aliyewauliza cheti.

Nikampigia Mwenifumbo, ng'ambo.
Kila Ijumaa tunakutana katikati ya daraja,
yeye na daftari lake la Kiingereza, mimi na langu la Kiswahili,
tukishazifunga tunasemezana kwa lugha ya bibi zetu,
ambayo ni moja.
"Kaporo ndiko," akasema. "Nimeng'oa mashina kumi na manane.
La shangazi yangu lilikuwa la tano. Hanisemeshi."

Upo mkataba.
Ulitiwa saini katika mji nisioujua,
na hadi leo watu wa mataifa hukaa mezani kule,
maji ya chupa mbele yao,
wakibishana mchana kutwa juu ya neno moja.
Siwacheki.
Neno lile husafiri, likavuka bahari, likapanda milima,
likashuka na mabonde ya Rungwe hadi Kasumulu,
kwenye meza yangu yenye kabari mguuni,
na likifika huwa limechoka, limebaki fupi:
hapana.

"Mama alivuka mto huu akiwa na mimba yangu," akasema.
"Nani alimkagua?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pingili za muhogo.
Mwaka ule, fungu moja la shemeji yangu,
nikageuza uso, nikajifanya natafuta kalamu.
Msimu wa pili Ipinda walichimba mihogo
wakaikata, na ndani, michirizi ya kahawia,
kama chai iliyomwagika kwenye shuka.
Shemeji alisema ni mvua.
Nikakubali kuwa ni mvua.

Na Ikuti ni migomba mlango kwa mlango,
jani la huyu linapangusa bati la yule,
na usiku malori yanapanda na mikungu
kwenda kulisha watu wasiojua jina la Ikuti.

Nyuma ya ofisi tuna pipa lililokatwa nusu.
Mgomba mbichi hauungui.
Unatokota, unatoa maji, unafoka,
ukimwaga mafuta ya taa unakaa kimya kidogo
kisha unaanza upya.
Alisimama mpaka mwisho, kanga mdomoni.

Nikamwambia, majivu yanaruhusiwa.
Akanitazama kama mtu anayesoma kibao cha njia.
"Majivu nimeyaacha huko nilikotoka."
Akalikung'uta gunia, akalikunja mara nne,
akasema *ndaga*, kwa sababu alilelewa,
akaifuata barabara ya Kyela mikono mitupu,
mkono mmoja bado umejikunja kwapani.

Fomu ina mistari saba.
Idadi: moja.
Nchi utokako: Malawi.
Hatua iliyochukuliwa: kuteketezwa.
Aina ya mzigo:
niliandika mgomba,
nikakata,
nikakaa,
nikaandika tena mgomba.