Mbele ya Meza ya Vipuri, Unga Limited

Usinionyeshe simu tena, Lomayani.
Nimeziona: klachi nyekundu kama pilipili,
nembo ya moto, bei ya ng'ombe wawili.
Nusa hiki kwanza.
Hiki ndicho kilichotoka tumboni mwa Chesa yako.
Oili iliingia nyekundu, juisi ya rozela,
imetoka kahawia, inanuka ukoko.
Na wewe umekuja hapa kusema
ulikuwa unaenda taratibu.

Una milioni moja na laki mbili.
Hiyo tabo uliyoifunga inataka milioni nne.
Basi tugawe kama nyama ya harusi iliyopungua,
wakwe kwanza.

Mkwe wa kwanza ni rejeta ya oili.
Najua, haina sifa, hakuna atakayeipiga picha.
Lakini joto ndilo linaloua,
hao wengine unaowalaumu ni mashahidi tu.
Kuna moja ya Fuso, pale nyuma ya mashine ya mahindi,
imetumika, haivuji, elfu themanini.
Nitaifunga mbele kabisa
ile baridi ya Meru ya alfajiri ifanye kazi bure.

Vitambaa vya klachi, vipya. Hapo sibishani.
Si vile vya boksi lenye herufi moja iliyokosewa.
Vyuma vya katikati, hapana, hivi vyako vinatosha:
vilivyogeuka bluu natupa,
vyeupe navipiga msasa, vinarudi.
Sili zote mpya, hata hii ndogo
unayoidharau, inayotosha kuwa pete ya mtoto.
Pampu ya mtumba, kutoka Krauni iliyopinduka Sakina;
Krauni ilikufa kwa mbele, nyuma ilikuwa nzima.
Konveta ya mashindano, mwakani.
Rahisi huvunja upishi, nakubali,
ila na ghali isiyo na chumvi nayo hailiki.

Sasa hilo la kishindo.
Unataka gia iingie kwa teke,
shingo ziruke, rafiki zako wapige kelele baipasi nzima.
Niliwahi kutengeneza ya hivyo.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mikono inawasha,
nikabana springi zote, nikaziba tundu nisilolijua,
na gari lilikuwa la kaka yangu Eliamani.
Ya kwanza, teke. Ya pili, teke.
Ya tatu haikuingia.
Drami ilipasuka karibu na Kisongo,
ikatoboa sakafu,
ikaondoka na kisigino.

Ndiye yule huja Jumapili,
anakaa kwenye kreti la soda, mguu kaunyoosha,
ananikosoa navyoshika spana.
Hajawahi kulitaja.
Mimi ndiye ninayelitaja, kila springi ninayochagua.

Hii hapa. Ya kati.
Utaisikia gia ikibadilika, kama mtu anayeweka kikombe mezani
bila kukipigiza.
Ukitaka zaidi ya hapo, mafundi wako wengi Ngarenaro,
wana bei nzuri, na vidole vyao kumi vyote vipo.

Hapana, leo hatufungi.
Vitambaa haviingii vikavu.
Vinalala kwenye beseni, vinakunywa oili usiku kucha,
kama maharage ya kesho.
Na hiyo tambara ya sufi iondoe mezani kwangu,
uzi mmoja tu kwenye valvu bodi na utakuwa unasukuma gari.

Ndekirwa, leta mafuta ya mgando,
yale yale ya kumpaka mwanao.
Kila gololi, tone moja, ikae kwenye kitundu chake
isidondoke tukigeuza.
Itayeyuka yenyewe ndani, haina madhara.
Ngapi?

Saba.

Mwaka juzi nilisema saba, zikawa sita,
gari la padri wa Usa likagoma kurudi nyuma
mbele ya waumini wote.

Hesabu tena.