Samaki Wawili

Riwaya zangu zimejaa bastola na treni za usiku.
Wasomaji hapa Tallinn huniuliza: uliyajuaje?
Sikuyajua. Niliyabuni jikoni, soksi zikikauka juu ya jiko.

Mpelelezi wa kweli alikuwa Vaike wa ghorofa ya tatu,
mwenye kuazima sukari
na kuirudisha kwa kipimo kilekile, bila kukosa.

Majalada yalipofunguliwa niliutambua mwandiko wake:
“Jumanne. Kanunua samaki wawili. Anaishi peke yake.”

Kweli tupu. Sasa ni mali ya umma,
mwenye kitambulisho aombe, atasomewa.

Ila samaki wa pili alikuwa wa nani,
hilo Vaike alilikosa,
na mume wangu kafa hajalijua.
Nimelizungushia ua
wa vitabu kumi na kimoja.