Nusu ya Jibini

Wanasema dawa ya moto ni moto.
Hapa Svaneti banda letu liliungua mwaka ule wa njaa,
na waliouzima moto walikuja na theluji kwenye makoleo.
Sisemi methali ni ya uongo.
Nasema tu nilikuwepo.

Mushni alimuua kaka yangu Jansugi kwa ajili ya nyasi,
ukanda wa majani usiozidi mkupuo mmoja wa fyekeo,
kwenye mteremko ambao hata mbuzi huupita kwa wasiwasi.
Risasi moja. Mwezi wa saba. Nyuki walikuwa bado kazini.
Mama akalitundika shati lake ndani ya mnara wetu wa mawe,
akasema: halifuliwi.
Miaka kumi na tisa halijafuliwa.
Doa limekuwa rangi ya chai iliyosahauliwa.

Padri hupanda huku wakati wa Kwaresima,
husema hamu ya kulipiza ni unyama.
Baba, unyama gani?
Mimi nimefuga. Ng'ombe akipigwa pembe asubuhi
jioni hulala ubavu kwa ubavu na aliyempiga.
Dubu jike aliyeuliwa mwanawe hunusa, huzunguka, hunguruma,
kisha theluji ikianguka hulala.
Hakuna mnyama anayetunza shati.

Ni utu, basi. Hilo ndilo linaloniogopesha.
Utu uleule unaorudisha sufuria ya jirani
ikiwa na kitu ndani.
Na huzuni haina kazi;
hukaa jikoni imekunja mikono, ikikutazama,
mpaka uipe bunduki ishike.

Mwanangu Bekhani ana miaka kumi na saba.
Siku hizi hupanda mnarani bila kuniaga.

Februari, usiku, mlango uligongwa.
Mushni, ndevu zimeganda.
Hakusalimu. Alisema: ndama amekaa vibaya,
na mkono mwembamba bonde hili ni wako tu.

Nilikwenda. Msiniulize.
Nilijipaka mafuta mpaka kiwikoni, nikaingia
katika lile giza lenye joto, nikitafuta kwato.
Alinishikia taa. Shingo yake ilikuwa karibu,
yenye mikunjo, yenye mshipa unaodunda,
na kisu cha kukatia kitovu kilikuwa upande wangu.
Nilitaka. Andikeni hivyo.
Nilitaka kama mwenye kiu anavyotaka maji,
na hakuna sauti iliyonikataza, ya Mungu wala ya mama.
Ila mkono wangu ulikuwa umeshika mguu wa ndama,
na ningeachia, ningeupoteza.

Alitoka hai. Jike. Mwenye baka puani.

Mushni akaleta jibini zima.
Ujira wangu unajulikana: nusu.
Nikachukua kisu kilekile, nikalikata katikati,
nikamrudishia nusu yake mkononi.
Asije akadhani
ile hesabu nyingine imeguswa.

Nyumbani Bekhani alikuwa macho.
Aliiona damu mpaka kiwikoni,
akasimama, uso umemng'aa:
Mama, umefanya?

Nikamwambia ni ndama.

Jinsi uso ule ulivyoanguka —
hicho ndicho nilichokilea, kwa maziwa na kwa shati.

Nikachemsha maji, nikanawa.
Yaliyobaki yalikuwa mengi, bado ya moto.
Nilikaa nayo, sabuni mkononi,
nikiutazama mnara dirishani,
mpaka yakapoa.