Kumi ya Mwaka Ule

Daftari limo ndani ya kasha la televisheni iliyokufa.
Mende wamelila jalada pembe mbili,
na mwandiko ni wa Haroub, ule wa kulalia kushoto
kama mtu anayekwepa kibao.

Chumba chake cha gemu kilikuwa Jadida, hapa Wete,
ubavuni mwa tanuri la mikate.
Shilingi hamsini, roho tatu.
Tulilipa kwa pesa za makonyo,
vidole vinanuka karafuu, vitufe navyo vikanuka,
na kila gemu mpya Haroub akiipima kwa kumi,
kwa kalamu nyekundu aliyoitoa skuli bila ya kuaga.

Ukurasa wa kwanza:
*Gari za Mraba. Unaweza kumpita mwenzako. Kumi.*
Majina tuliyatunga wenyewe,
maana maandishi yalikuwa ya Kijapani
na ya kwetu tu yalikuwa yakitushinda.
*Mpira wa Wasio na Pua. Tisa. Kipa anaruka kabla ya mpira.*
*Kanzu Nyeusi. Tisa na nusu.
Nusu nimeikata kwa sababu umeme ulizimika
nikiwa mlango wa mwisho.*

Nimecheka peke yangu, chumbani.
Gemu ya watu kutoka huko mbali
imetiwa adabu kwa makosa ya jenereta la Pemba.

Kurasa zinakwenda, na mkono wa Haroub unakuwa mzito.
Mwaka ambao wachezaji waliota pua: tisa.
Mwaka wa jasho, unaliona likishuka shingoni: nane.
Nyavu zikaanza kutikisika: saba na nusu,
*watazamaji wote wana sura moja.*
Halafu sita, na mstari mmoja tu:
*majani hayayumbi upepo ukivuma.*

Majani, Haroub!
Wewe uliyetoa kumi
kwa gari zenye matairi ya pembe nne!

Mama yangu alikuwa mchumaji, akikijua kipimo kinachokua.
Pishi ni pishi, husema mwenye shamba,
lakini kopo la mwaka huu limefutuka tumbo,
linameza konzi mbili zaidi,
na mchumaji ndiye anayeambiwa
mikono yake imekuwa mivivu.

Ila kopo la Haroub nani alilifutua?
Sisi. Tuliosimama nyuma ya kiti chake
tukimpumulia shingoni: mbona ile nyengine ilikuwa kali zaidi?
Kipya kinyemi, tulijua sote.
Hatukujua kinyemi nacho huchakaa,
kwanza pembeni, kama jalada.

Alama ya mwisho ni nne.
Haina jina la gemu. Chini yake:
*Kila kitu kimo. Sikuitamani kesho.*
Mwezi ule aliuza mashine zote.
Sasa yuko Chake, anauza vifuniko vya simu,
na ukimuuliza habari za gemu anauliza habari za wazazi.

Jana nimemtilia Nassor, mtoto wa dada yangu,
Gari za Mraba ndani ya simu.
Ni ya bure, nyepesi kuliko picha moja ya harusi.
Amecheza dakika mbili.
"Mjomba, hii ndiyo mbovu au simu ndiyo mbovu?"
Nikamwambia aipe alama.
"Mbili," akasema. "Moja ya gari. Moja yako, usinune."

Nikajumlisha kumi na mbili, nikagawa kwa mbili.
Sita. Sita isiyo ya mtu yeyote,
hakuna aliyekaa chumba kile akaiona sita.

Basi nikaiacha kumi palepale, nyekundu,
wino wake umetokeza upande wa pili wa karatasi,
na chini yake nimeandika kwa penseli:
*Mbili. Nassor, miaka kumi na moja.
Umeme ulikuwepo.*