Cheti cha Nyumba Namba Kumi na Moja

Daktari wa watoto, zamu ya usiku,
alipomlaza Semisi mara ya tatu tangu Mei,
hakuandika dawa ya kifua.
Aliandika anwani.
"Mgonjwa ni nyumba," aliniambia kwenye simu,
"mtoto ni dalili tu."

Basi nikaenda Porirua na mkoba wangu:
kipimajoto, kipimaunyevu, tochi,
fomu ya kurasa tisa.
Upepo wa Julai ulitoka kusini, kwenye barafu,
upepo usiopiga hodi.

Fusi alinifungulia mlango. Mlango mzuri,
mwenye nyumba kaupaka samawati juzi tu.
Waliosema nyumba njema si mlango
waliijua kazi yangu kabla sijazaliwa.

Ndani: harufu ya jiki.
Alikuwa amesugua kuta tangu alfajiri
kana kwamba anakuja mama mkwe.
"Mimi si mchafu," akasema, nami sijauliza kitu.
Nikajibu ninavyojibu siku zote, kwamba sipimi watu.
Lakini fomu ina swali la nane,
Je, familia hufungua madirisha?
na swali hilo, ulisome kwa sauti ya upole kiasi gani,
linanyoosha kidole.

Tulisogeza kabati pamoja.
Nyuma yake kuvu nyeusi imetanda
kutoka sakafuni hadi usawa wa bega la Fusi.
Picha ya ubatizo wa Semisi ilikuwa imeangukia huko.
Kuvu ilikuwa imemaliza fremu,
imeanza kula kanzu nyeupe.

Watu saba, chumba kimoja, hita moja ya gesi,
nguo zinakauka juu ya migongo ya viti,
matundu ya hewa yamezibwa kwa taulo
ili joto lililonunuliwa kwa senti lisitoroke.
Pumzi yao yote iligonga ukuta,
ikawa maji, ikawarudia.

Usidhani mpango wa serikali ni jitu moja lenye mfuko.
Ni simu tu. Hospitali inatoa jina.
Halmashauri inalipia nusu ya sufi ya darini,
nusu nyingine inasubiri sahihi.
Kampuni ya umeme ina hita kumi na mbili,
sisi tuna nyumba arobaini.
Mwenye nyumba yuko Queensland, anacheza gofu.
Nilimpigia Jumatatu. Nilimpigia Alhamisi.
Wiki ya tano akatia sahihi, akakosea tarehe,
tukaanza upya.

Waliofika kwanza ni akina mama wa kanisa la Kitonga,
na mapazia. Hoteli moja mjini ilikuwa inafungwa;
wakayachukua, wakayakata, wakayatia bitana,
mazito, mekundu, yenye nembo ya taji
ambayo bibi Tupou alikataa ifumuliwe.
"Acheni," alisema. "Nimelala hotelini mara ngapi mimi?"

Ikaja sufi. Ikaja feni ya jikoni.
Ile hita ya gesi tukaitoa nje, na Fusi akaitazama
kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa mno.

Septemba nilirudi na vipimo vyangu.
Nyuzi kumi na nane. Unyevu hamsini na tano.
Nilikuwa naandika, nimeridhika na kalamu yangu,
niliposikia Semisi.
Hakuwa anakohoa. Alikuwa analia,
kwa mapafu yote mawili.

Kila asubuhi ya baridi alichora kwenye kioo cha dirisha,
juu ya ule ukungu wa pumzi zao:
nyangumi, gari la zimamoto,
jina lake lenye S iliyogeukia nyuma.
Leo kapanda kiti, kaweka kidole,
na kioo ni kikavu.

Fomu haina swali hilo.
Nikachana ukurasa wa tisa, ule mtupu,
nikampa pamoja na kalamu.
Akachora mstari mmoja, akausugua kwa kiganja.
"Haufutiki," akasema,
akinitazama kwa mashaka.