Kasha la Tatu, Bahasha ya Mwisho

Wameandika kwa penseli: *Mwanamke, kinamasini, 1938.*
Mwanamke!
Huyo ni bibi yangu, Odalie Guidroz,
na kinamasi nacho kina jina,
ila aliyeuliza hakusubiri jibu.

Picha ni nzuri, sikatai.
Baraza la mbao, paa la ukindu,
ndevu za miti zimeanikwa uani
kama nywele za mtu mmoja mkubwa mno,
zikauke, zichambuliwe, zijaze magodoro ya watu wa mjini.
Kuku mmoja kageuza shingo.
Mtumbwi umelala kifudifudi, na juu yake
suruali ya babu Evariste, ile yenye kiraka cha gunia,
inachuruzika maji hadi leo.

Mkono wa kulia tu ndio hauko sawa:
umefifia kuanzia kiwikoni, umekuwa moshi.
Kasoro, wanasema. Jua lilikuwa linazama,
kamera ikachelewa kufumba.

Mimi nilisimuliwa.
Bibi alikuwa anasema, Ngoja!
Ngoja nivue aproni, ina damu ya nguruwe
(walichinja alfajiri, majirani wote walikuja na visu vyao),
na alilisema kwa Kifaransa chetu,
kile chenye matope katikati ya vidole,
*espère*,
neno ambalo kwa Wafaransa wa ng'ambo ni tumaini
na kwetu sisi ni ngoja tu, subiri, usiwe na papara.
Yule mwanamama wa kamera, mgeni wa kaskazini,
akatabasamu. Alidhani anasalimiwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haya. Aliacha kopo la kahawa
na peremende nane kwa watoto tisa.
Wa tisa ni mama yangu.
Hayumo pichani. Alibakizwa shuleni,
amepiga magoti juu ya punje za mahindi
kwa kosa la kuomba ruhusa ya kwenda msalani
kwa lugha ya mama yake.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, tazama nyuma kabisa,
kushoto kwa banda:
kijiti chenye kitambaa chekundu.
Najua picha haina rangi. Kilikuwa chekundu.
Wapimaji wa kampuni ya mafuta walikichomeka Jumanne
na hakuna aliyekijali, labda yule kuku.
Kijiti kikaleta mfereji ulionyooka kama rula,
mfereji ukaalika chumvi,
chumvi ikaingia bila kubisha hodi,
misipresi ikafa imesimama.

Mwaka jana nilikwenda kwa boti.
Kijana Olide akazima injini, akasoma kifaa chake,
akasema, Ni hapa. Baraza lilikuwa hapa.
Maji ya kiunoni. Mwari mmoja juu ya nguzo.
Nilitaka kusema kitu, kwa Kifaransa chetu,
nikapekua kinywa kizima
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.
Lilikuwapo lile moja tu.
Sikulitamka. La kumwambia nani angoje?

Mtunza kumbukumbu ni mpole, ana mafua.
Hairuhusiwi kuandika juu ya bahasha, anasema,
lakini kuna fomu.
Nakala tatu.
Jina la aliyepigwa picha: nimejaza, na ukoo, na jina la ubatizo.
Mahali: nimejaza, ingawa ramani yao inaonyesha bahari.
Kasoro za picha:

Hakuna.