Michoro ya Kati

Dada yangu Swabra alianzia pembeni
mwa daftari langu la hesabu:
punda mdogo chini ya kila ukurasa,
mguu juu, mguu chini.
Ukizipeperusha kurasa kwa dole gumba
punda alitoka Langoni hadi Mkomani
akikanyaga majibu yangu, mengi yakiwa makosa.
Mwalimu Skanda alinichapa mimi,
akalitwaa daftari,
na mchana nikamchungulia ofisini
akilipeperusha peke yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa bango la duka la simu.
Ya pili sitaisema, hakulipwa.
Ya tatu ilitoka Tokyo kwa barua pepe,
kijungu jiko vilevile, ila ya mbali.
Bwana Kitamura alimletea mchoro wa kwanza na wa mwisho:
msichana ameinua kikombe,
msichana amekiweka mezani.
Ya katikati ni yako, alimwandikia.
Michoro kumi na mmoja isiyokumbukwa na mtu,
ila ukikosea mmoja, kila jicho litajikwaa.

Saa kumi alfajiri kwetu, saa nne asubuhi kwao.
Mama akitoka kutawadha humkuta ameinama,
kidole kimeota sugu.
"Bado hujalala?"
"Nimebakisha mkono."
Umeme ukikatika hukaa gizani
akiinua mkono wake mwenyewe,
akiuteremsha, akihesabu.

Kazi ilirudi, ikarudi.
Nywele hazina uzito. Rudia.
Kikombe kinaelea. Rudia.
Kisha siku moja, sentensi mbili:
Msichana huyu hajui kwamba chai ni ya moto.
Wewe umewahi kuungua?

Swabra akaenda jikoni.
Nilisikia birika, nikasikia kikombe,
nikamsikia akivuta pumzi kwa meno.
Katika mchoro wa tisa vidole vinakiacha kikombe
kabla hakijagusa meza, kwa unywele tu.
Huo haukurudi.

Jina lake lilipita mwishoni mwa filamu
kwa herufi zao, mbio kama panya.
Tulirudisha nyuma mara sita.
"Lipi?" akauliza Mama, miwani mkononi.
Swabra akagusa kioo: "Hili, lenye mkia."
Mama akalifuta vumbi
pale pale, kwa ncha ya leso.

Mwaka huu amepewa dakika tatu za kuongoza mwenyewe.
Jana aliniomba lile daftari.
Mchwa wamekula kurasa nne;
punda yuko kwa muuza halua,
mara yuko mlango wa msikiti,
njia ameiacha tumboni mwa wadudu.
Nilidhani atasikitika.
Akanisukumia penseli:
"Wa kwanza huu, wa mwisho huu."

Nimeshachora miguu sita.
Anasema punda wangu anachechemea.
Rudia.